Maswali Yasiyoanza kwa Salamu

Dublin, 9 Februari 2025

Baba mdogo Shehe,

Shikamoo. Naomba na shikamoo ya pili umfikishie Mama mdogo Tabia kabla hujaendelea kusoma. Barua yako ya mwaka mpya imenifikia kwenye kompyuta; wale wa duka la fotokopi hapo Joubert Park wameipiga picha vizuri safari hii, hata mhuri wako unasomeka. Mimi ni mzima. Kifua kimeniachia, baridi bado. Bibi mwenye nyumba niliyopanga anawasalimu, ijapokuwa anadhani Johannesburg na Tanga ni mitaa miwili ya mji mmoja. Mwanawe wa miaka thelathini na minne angali analala katika chumba chake cha utotoni, chini ya picha za wachezaji mpira, kwa sababu kodi za nyumba za Dublin zimewashinda hata wenye kazi nzuri.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Kituo chetu kinachunguza jamii na uchumi wa Ireland: nani anaishi vipi, nani amekosa nini, na serikali ishauriwe kufanya nini. Mwaka huu tunawafikia wahamiaji, wakiwamo Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, na mimi nimekabidhiwa maswali ya Kiswahili. Rasimu nakuambatishia. Utaona kwamba hatumwulizi mtu kama ni maskini. Tunamwuliza kama ana jozi mbili za viatu imara, kama ana koti lisilopitisha mvua, kama mwaka uliopita alipata kukaa siku nzima kwenye baridi kwa kushindwa kulipia moto wa kupasha nyumba. Nakuomba unisahihishie lugha. Hapa sina wa kunisahihisha.

Jambo la pili. Mkataba wangu unakwisha mwishoni mwa Juni. Wanataka kuuongeza miaka mitatu, na jibu wanalihitaji kabla ya mwezi huo kwisha. Nyinyi ndio mlionilea tangu baba alipofariki, kwa hiyo sitajibu mpaka nijue Mama mdogo yuko hali gani. Nikimpigia simu anasema, "Nzima, mwanangu, nzima," kisha anakupa wewe simu. Kama ananihitaji nitarudi, wala haitakuwa hasara kwangu. Niambie kweli.

Mwanao,
Sumaiya

*

Johannesburg, 2 Machi 2025

Kwako binti yangu mpendwa, Sumaiya,

Kwa heshima na mapenzi ya mzazi, ninaitumia siku hii ya mwanzo wa mfungo kukuarifu kwamba sisi huku tu wazima wa afya, na hatuna la kulalamikia mbele ya Mwenyezi Mungu. Mama yako mdogo hajambo kabisa. Juzi alishuka kwenda Newtown kununua tende, na jioni nilimkuta mchangamfu. Lifti ya jengo letu ingali inamsubiri fundi. Nimekwisha kumwandikia mwenye jengo barua kadhaa za ukumbusho, kila moja kali kuliko iliyotangulia, nami nina imani na ile ya mwisho. Maji yanatoka kwa zamu. Octave, yule fundi cherehani wa Bujumbura aliye mwisho wa ukumbi wetu, anakusalimu. Mamie wa mlango unaotazamana na wetu naye anakusalimu, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi ambacho nimekata tamaa ya kukirekebisha.

Kuhusu mkataba, ushauri wangu rasmi ni kwamba utie saini.

Sasa niruhusu nije kwenye rasimu. Nimeisoma kwa shauku ambayo sikuitarajia, na nina maswali. Mosi, huyo kijana wa mwenye nyumba wako. Mwana kukaa kwa mama yake, serikali ya Ireland inaliandika katika safu ya dhiki au ya baraka? Na mama mwenyewe ameulizwa? Pili, nani aliyeamua kwamba viatu viwe jozi mbili, wala si moja, wala si tatu? Jambo hilo lilininyima raha hata nikampelekea Octave. Akasema, "Muzee, penye mvua nyingi jozi moja inakauka, ingine unaivaa. Hao watu wana akili." Nimeridhika na hoja yake.

Lakini lugha, binti yangu! Unaingia nyumbani kwa mtu mzima, hujamjulia hali, unamtazama miguuni na kumwuliza viatu. Huo si utafiti, ni upekuzi wa polisi. Mimi sikusomea uandishi wa maombi katika chuo chochote. Nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti na barua za serikali, na watu wanaokuja kwenye meza yangu karibu na Park Station wanatoka nchi zisizopungua saba. Hakuna ofisi iliyopata kunirudishia barua kwa kukosa adabu. Kwa hiyo kila swali nimelivika nguo zinazolistahili. Lile la viatu sasa linasomeka hivi:

"Mheshimiwa ndugu, baada ya salamu na kukujulia hali wewe pamoja na jamaa zako wote, je, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, umejaliwa mavazi ya miguu yenye kukutosheleza?"

Mengine nimeyatendea vivyo hivyo. Utaona jinsi milango itakavyofunguka.

Ni mimi mlezi wako,
Shehe Abdulrahman

*

Dublin, 21 Aprili 2025

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri kwenu nyote. Huku tuliswali katika ukumbi wa michezo, na pilau ililetwa na Msomali mmoja aliyesisitiza kwamba ni ya Kimombasa. Kijana wa mwenye nyumba amepata mchumba. Sasa wanatafuta nyumba wote wawili, na mama yake analia kwa siri kwamba wataipata.

Ulitaka kujua kama kukaa kwake huko kunahesabiwa dhiki au baraka. Nililiuliza swali lako katika kikao. Watu wazima kumi walitazamana, kisha mkuu wetu, Bi. Orla, akasema kwamba tumekuwa tukiwauliza vijana wenyewe tu, na akaagiza mwakani wazazi nao waulizwe. Kwa hilo umeacha alama Ireland.

Hili lingine nimelichelewesha kwa sababu ni zito kuliandika. Tulipita na maswali yako nyumba kwa nyumba. Milango ilifunguka, hilo ulisema kweli. Tulikalishwa, tukapewa chai na maandazi. Lakini majibu, Baba mdogo! Nyumba zote zimejaliwa. Viatu, alhamdulillahi. Koti, tunamshukuru Mungu. Joto la nyumba, hatujambo. Bi. Orla aliyasoma mezani kwake, akavua miwani, akasema, "Sumaiya, ina maana tumewagundua watu pekee wenye raha katika nchi hii?"

Kuna mama mmoja wa Bukavu, Benita, anayeishi na wanawe katika chumba kimoja cha hosteli ya waomba hifadhi. Koti lao ni moja, yeye na bintiye mkubwa. Nililiona kwa macho yangu likitiririka maji nyuma ya mlango, naye anasema hakuna alichopungukiwa. Tulipomaliza nikafunga karatasi, nikamwuliza kwa nini. Akanicheka. "Dada, umenisalimia muzuri vile, na Mungu umemuingiza ndani, miye nikujibu nini? Niseme sina viatu? Ningekupatisha haya."

Tulimsalimu akasema nzuri, na ukishasema nzuri huwezi kurudi nyuma. Wala si sisi tu. Bibi mwenye nyumba wangu ukimwuliza hali hukujibu neno moja, kwamba yuko safi, huku paa la jikoni linamdondoshea maji kwenye sufuria. Ndiyo sababu wenzetu hapa waliacha zamani kuuliza hali, wakauliza vitu. Na jibu huandikwa kwa maneno ya msemaji mwenyewe, yakiwa na vumbi lake.

Kosa ni langu, niliyapeleka bila kuyajaribu. Tunarudia kwa rasimu ya awali.

Na kuhusu Mama mdogo umeniandikia kwamba hajambo kabisa. Nisamehe, Baba mdogo, lakini hata Benita hajambo kabisa.

Mwanao,
Sumaiya

*

Johannesburg, 19 Mei 2025

Kwa Sumaiya,

Salamu. Wote wazima.

Barua yako imepokelewa na yaliyomo yamezingatiwa. Kama ofisi yenu inapendelea maswali yaliyo uchi, ni haki yake.

Nimemwuliza Tabia kwa mara nyingine, mbele ya Mamie kama shahidi, kama ana tatizo lolote. Amejibu kuwa ni mzima. Mamie alikohoa. Tia saini.

Hata hivyo, kwa ajili ya kumbukumbu zangu tu, ninaomba kufahamishwa yafuatayo. Mtafiti wenu huuliza akiwa ameketi au amesimama? Mume huruhusiwa kuwapo mkewe anapoulizwa? Na mtu akikataa chai, huchukuliwa kuwa amekosea?

Ni mimi,
Shehe Abdulrahman

*

Dublin, 28 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nilipoona barua yako kwenye kompyuta nilikaa kwanza kabla ya kuifungua. Nilidhani nimekupoteza.

Nakujibu. Mtafiti huketi, ikiwezekana jikoni, kwa sababu jikoni watu huwa hawajifanyi. Chai haikataliwi kamwe. Ukiikataa itakuja mara tatu na muda wako utakwisha. Hali ya hewa inaruhusiwa, ila si hali ya mtu. Mume hutoka, na mke hutoka akiulizwa mume. Tumejifunza kwamba mume na mke wa nyumba moja hutupa majibu ya nyumba mbili. Tunauliza habari za jana, si za siku zote: jana ulikula nini, jana ulitoka kwenda wapi, nani alibeba mizigo. Na mtu akinyamaza, unanyamaza naye. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Ukimsaidia maneno, jibu linakuwa lako.

Nilirudi kwa Benita hivyo. Koti alilitaja mwenyewe, bila kuinama, na mengine mengi ambayo singeyakisia. Bi. Orla hakuvua miwani safari hii.

Juni inaingia. Karatasi ya mkataba iko mezani, sijaigusa. Nimeangalia na nauli.

Wewe umeuliza maswali hayo kwa ajili ya kumbukumbu tu?

Mwanao,
Sumaiya

*

Johannesburg, 22 Juni 2025

Kwako binti yangu mpendwa, Sumaiya,

Ninakusalimu kwa mapenzi, nami ninakuomba unisomee mpaka mwisho. Baridi ya huku imeingia kwa nguvu, na nyasi za bustani asubuhi ni nyeupe. Anwani yetu imebadilika, nitaeleza.

La, haikuwa kwa ajili ya kumbukumbu. Maswali yenu yalikuwa yameniganda kichwani. Nilikuwa nikiandikia watu maombi huku nikijiuliza: huyu aliyeketi mbele yangu, jana alikula nini? Basi nikaamua kuyajaribu katika ukumbi wetu, yakiwa uchi kama yalivyo, kwa nia ya kukuthibitishia kwamba kwa watu wenye adabu hayatafua dafu.

Nilianza na Octave. Aliposikia swali la kama wiki iliyopita alikula nyama aliweka mkasi chini. "Muzee, leo umekuwa polisi?" Nikanyamaza kama ulivyoelekeza. Alicheka, nikanyamaza. Akaacha kucheka, akaniambia kwamba kitanda chake amekipangisha kwa mtu wa zamu ya usiku, naye hulala chini ya meza ya kukatia vitambaa. Miaka yote hii tunaamkiana kila alfajiri, na kila alfajiri huniambia amelala salama.

Kwa Mamie sikufika hata swali la pili. Alisimama mlangoni na ndoo yake. "Eish, muzee! Unazungukaka na karatasi kwa milango ya watu. Na mulango wako weye, ulikwisha kupiga?"

Nilirudi ndani nikiwa nimeudhika. Tabia alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza utaratibu wenu, kwamba mume hatakiwi kuwapo. Akasema, "Basi toka." Nikavaa koti, nikatoka, nikafunga mlango, nikapiga hodi.

"Karibu, mgeni," akajibu. "Nani mwenzangu?"

"Mtafiti," nikasema. "Ninatoka serikali ya Ireland."

"Mbali huko. Mume wangu hayupo, lakini kaa hapo jikoni. Chai?"

Sikuikataa. Tukazungumzia baridi kidogo. Alikuwa anajizuia kucheka, nami vilevile, na hivyo ndivyo tulivyoingia katika swali la viatu.

"Je, una jozi mbili za viatu imara?"

"Sina hata moja."

Nilitaka kusema kwamba nilimnunulia viatu vyeusi Idi ya mwaka jana. Lakini mimi sikuwa mume, nilikuwa mtafiti. Nikanyamaza.

"Vile vyeusi nimempa Mamie," akasema. "Yeye ndiye anayekwenda kwenye spaza, kiduka cha mtaani, kuninunulia mkate, na vyake vimetoboka. Mimi vya nini? Sijashuka ngazi hizi tangu lifti ilipokufa. Magoti hayataki. Nilijaribu siku moja wewe uko kazini, nikafika ghorofa ya saba, nikaketi hapo mpaka Mamie akanikuta."

Sisi tulikuwa ghorofa ya tisa, binti yangu, na lifti ilikufa mwaka jana kabla ya mvua.

Nikasahau utafiti. "Na tende za Newtown?"

"Alizinunua Mamie."

"Mbona uliniambia umeshuka?"

Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Unaingia jioni unaniuliza, 'Habari za kutwa?' Nakujibu nzuri. Sasa baada ya nzuri unaniuliza, 'Ulitoka?' Niseme nini? Na ningekwambia ungefanya nini, Shehe? Ungemwandikia mwenye jengo barua."

Ninakiri kwamba wakati huo nilikuwa nimekwisha kuitunga nusu yake kichwani.

Rasimu yenu inamalizia kwa kuuliza ni kitu gani kimoja ambacho mtu angependa kibadilike nyumbani kwake. Alijibu kabla sijamaliza kusoma: "Tuhame." Neno hilo aliwahi kulisema siku za nyuma, nami nikamweleza kwamba meza yangu iko hatua chache kutoka hapo na wateja wamenizoea. Wateja nimewaarifu. Nimepata chumba na jiko Fordsburg, chini kabisa, nyuma ya duka la kitambaa la watu wa Tanga, na msikiti unaonekana kutoka mlangoni. Mimi nitapanda teksi asubuhi kama watu wengine. Tulihama Jumamosi iliyopita. Tabia alishushwa juu ya kiti, Octave mbele na shemeji wawili wa Mamie nyuma, na kila ghorofa aliwakemea: "Polepole! Mimi si kabati!" Watu walitoka milangoni kumuaga. Wengine walidhani alihama zamani.

Jana alitoka peke yake mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda dukani. Mara ya pili nilipomwuliza alikwenda wapi alisema hakwenda popote, alisimama nje tu.

Sasa mkataba wako. Ushauri wangu rasmi uliusoma mara mbili, na leo ninauondoa, kwa kuwa niliutoa bila kumwuliza aliyehusika. Baada ya chakula nilipiga tena hodi kwenye mlango wetu mpya. Akanikaribisha. Nikamwuliza swali lisilokuwamo katika rasimu yenu: je, Sumaiya arudi?

Nikanyamaza. Alinyamaza yeye pia, hata nikaona ulimi wangu unataka kumsaidia, nikauzuia. Kisha akasema. Haya ni maneno yake, sikuyagusa:

"Mwambie asaini. Arudi aje kunitazama magoti? Magoti nitayatazama mwenyewe. Asaini, ila aje Idi moja nimwone, asinitumie picha. Nimemkumbuka vibaya. Na uandike kwamba nimelia wakati nasema haya, wewe nakujua, usije ukalitoa."

Kalamu yangu ilitaka kuandika kwamba aliguswa moyo. Tabia ameketi ubavuni mwangu na ananitaka nimsomee kila mstari.

Alilia, Sumaiya. Njoo Idi.

Baba yako mdogo,
Shehe